Mimea ya Mivujo ya Mfinyanzi katika Misitu ya Kaskazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Misitu inayozungumziwa hapa iko wapi?

Iko katika ukanda wa kaskazini wa majimbo ya Wisconsin, Michigan na Minnesota nchini Marekani, pamoja na sehemu za Kanada zinazopakana nayo. Msomaji wa Kiswahili akisikia Maziwa Makuu huwaza Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Katika majibu haya jina hilo linahusu Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, na zaidi ya yote Ziwa Superior, ambalo kwa ukubwa wa eneo ndilo la kwanza duniani miongoni mwa maziwa yasiyo ya chumvi, huku Viktoria likishika nafasi ya pili. Upande wa kusini-magharibi wa Superior kuna uwanda wa mfinyanzi mwekundu, na juu yake umeota msitu wa misonobari, mibetula na mierezi. Ndani ya msitu huo kuna madoa madogo yenye unyevu wa kudumu, ambayo mtu asiyeyajua huyazunguka kwa kuogopa tope, ilhali hukusanya mimea ambayo hataiona popote pengine katika matembezi yake ya siku nzima.

Mvujo ni nini, na una tofauti gani na chemchemi au kinamasi?

Chemchemi ina jicho: mtu anaweza kunyoosha kidole na kusema maji yanatokea hapa. Mvujo hauna jicho. Maji ya ardhini hutokeza kwa kuchuruzika polepole katika eneo zima, chini ya majani makavu na katikati ya mizizi, mara nyingi kwenye mguu wa kilima au ubavuni mwa bonde, na eneo lenyewe huwa dogo, aghalabu halifiki hata eka moja. Kinamasi kwa upande wake hukaa na maji yaliyosimama, yenye oksijeni kidogo na, yakitegemea mvua peke yake, yenye asidi nyingi. Maji ya mvujo hutembea, hata kama mwendo wake hauonekani kwa macho, na katika kutembea huko huleta madini mapya na oksijeni kwenye mizizi kila siku. Tofauti hiyo ndogo ya mwendo ndiyo inayoamua mimea gani itaishi mahali gani.

Inawezekanaje mfinyanzi, usiopitisha maji, uwe na mivujo?

Swali hili ni mlango wa mengine yote, kwa hiyo linastahili jibu refu. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, na chembe hizo zikilaliana huacha nafasi finyu mno kwa maji kupita. Mkulima aliyelima mpunga katika mbuga za Shinyanga anaujua udongo wa tabia hiyo: mvua ikinyesha, maji husimama juu yake kana kwamba yamewekwa kwenye beseni. Ni kweli basi kwamba mfinyanzi wenyewe hautoi maji. Maji hutoka katika tabaka la mchanga au changarawe lililolala juu yake. Mvua na theluji inayoyeyuka hupenya mchanga kwa urahisi na kushuka mpaka yakutane na mfinyanzi, na kwa kuwa hapo hayana njia ya kuendelea chini, hugeuka na kwenda ubavu, yakifuata mgongo wa mfinyanzi kama maji ya mvua yanavyofuata bati hadi ukingoni. Mahali ambapo mteremko umezikata tabaka hizo mbili, maji hutokeza, na hapo ndipo penye mvujo. Wakati mwingine mfinyanzi una nyuzi nyembamba za mchanga katikati yake, na genge moja, yaani ukuta mmoja wa udongo wenye mteremko mkali, huweza kuwa na mistari kadhaa ya unyevu, mmoja juu ya mwingine.

Mpangilio huo wa tabaka uliachwa na barafu. Ngao kubwa ya barafu iliyofunika Kanada na kaskazini ya Marekani ilipokuwa ikirudi nyuma, yapata miaka 11,000 iliyopita, maji yaliyoyeyuka yalizuiwa na barafu iliyobaki upande wa mashariki, yakafanya ziwa ambalo wanajiolojia huliita Ziwa Duluth la kale, lililokuwa na uso ulio zaidi ya mita 100 juu ya uso wa Superior wa leo. Katika utulivu wa ziwa hilo zilituama chembe laini zilizosagwa na barafu kutoka kwenye miamba yenye chuma kingi, na chuma hicho ndicho kilichoupa mfinyanzi wekundu wake. Kwenye kingo za ziwa, mawimbi na mito viliweka mchanga. Maji yaliposhuka, mito midogo ilianza kuchimba mabonde katika uwanda huo mchanga kiumri, na kazi hiyo haijakwisha: Mto Nemadji, unaoingia Superior karibu na mji wa Duluth, bado unapeleka ziwani maji mekundu ya tope kila majira ya mafuriko.

Jambo moja zaidi kuhusu mfinyanzi halipaswi kusahaulika. Chembe zake zina chaji hasi, na kwa sababu hiyo hushikilia kalsiamu, magnesiamu na madini mengine yenye chaji chanya ambayo mchanga ungeyaachilia yaende na mvua. Maji yaliyopita taratibu katika udongo wenye chokaa hutokeza yakiwa na chokaa hiyo, na kuna mimea mingi ya kaskazini isiyoota vizuri mahali pengine.

Kwa nini mivujo mingi haigandi hata katika baridi kali?

Maji yaliyo chini ya ardhi hukaa karibu na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima wa mahali hapo, na katika misitu hii wastani huo ni nyuzi chache tu za Selsiasi juu ya sifuri. Katika Januari, hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, maji hayo ni vuguvugu yakilinganishwa na kila kitu kinachoyazunguka, na huacha doa jeusi lenye majani mabichi katikati ya theluji. Julai hali hugeuka: maji yaleyale huwa baridi kuliko hewa, na mimea ya nchi za baridi zaidi hupata kivuli na ubaridi wa kuishi kusini kuliko ambavyo ingeweza bila msaada huo.

Ni mimea gani inayotambulisha mvujo ulio chini ya kivuli cha msitu?

Tuanze na miti. Mti mkuu ni mfraksino mweusi (*Fraxinus nigra*), unaovumilia mizizi kukaa majini katika majira ya kuchipua, na pamoja nao huota mbetula wa njano (*Betula alleghaniensis*), mwerezi mweupe wa kaskazini (*Thuja occidentalis*, ambao kiukoo si mwerezi wa kweli ingawa harufu ya mbao zake imeupa jina hilo) na, zamani zaidi kuliko leo, mwelmi wa Marekani, ambao ugonjwa wa kuvu ulioletwa kutoka ng'ambo uliupunguza sana katika karne ya 20.

Chini ya miti ndiko kwenye utajiri. Mahali ambapo maji yanapita juu ya tope laini utakuta zulia la *Chrysosplenium americanum*, mmea unaotambaa wenye majani madogo ya duara na maua yasiyoonekana kirahisi, ambao kwa mtazamo wangu ndio ushahidi wa kuaminika kuliko wote kwamba maji hayo ni baridi na hayakauki. Kando yake huchanua *Caltha palustris* kwa maua ya manjano yanayong'aa kabla miti haijafunga kivuli chake. Baadaye hutokea *Impatiens capensis*, wenye maua ya rangi ya chungwa na matunda yanayopasuka yakiguswa. Msomaji wa Lushoto au Morogoro hapaswi kuuona kuwa mgeni kabisa, kwani jenasi ya *Impatiens* ina aina nyingi katika milima ya Usambara na Uluguru, nazo pia hupenda kingo zenye maji na kivuli.

Ndago ni kundi linalohitaji macho makini. Zinafanana na nyasi, ila shina lake ukilizungusha kati ya vidole utahisi pembe tatu. Aina ya *Carex scabrata*, yenye majani yanayokwaruza, hufuata mivujo na vijito vidogo vya msituni, wakati *Carex leptalea*, nyembamba kama uzi, hupatikana mahali penye madini zaidi. Kuna pia kangaga za aina kadhaa, na mikia-ya-farasi ya jenasi *Equisetum*, ambayo mashina yake yamejaa silika kiasi kwamba watu wa zamani waliyatumia kusugulia vyombo. Ndugu yao mmoja, *Equisetum ramosissimum*, huota pia Afrika Mashariki kandokando ya mito.

Chini ya hayo yote wako kuvumwani, yaani mimea midogo laini isiyo na maua inayotanda kama zulia. Katika maji yenye asidi hutawala *Sphagnum*, ambaye hunyonya maji kama sifongo na kuongeza asidi hiyo. Katika maji yenye chokaa huchukua nafasi wengine, mathalani *Cratoneuron filicinum*, pamoja na mimea bapa ya *Conocephalum* inayotambaa kama ngozi ya nyoka na kutoa harufu nzuri ikifikichwa. Mtu akiweza kutofautisha makundi haya mawili anaweza kukisia kemia ya maji bila kubeba kipimo chochote.

Na kwenye magenge ya mfinyanzi yaliyo wazi, hali ikoje?

Ni jamii nyingine kabisa, ingawa maji ni ya asili ileile. Kandokando ya Superior, ya Ziwa Michigan na ya baadhi ya mito, mawimbi na mikondo hula mguu wa genge, maji yanayovuja hulainisha tumbo lake, na kila baada ya muda kipande huporomoka na kushuka na miti yake ikiwa bado imesimama, imeinama huku na huku. Wanaohusika na uhifadhi Wisconsin wameitambua kama jamii ya asili inayojitegemea. Hapa mimea inaishi juu ya ardhi isiyotulia, na inayofanikiwa ni ile inayoweza kuanza upya haraka au kustahimili udongo mbichi usio na nitrojeni.

Kichaka cha *Shepherdia canadensis* ni mfano mzuri. Mizizi yake hukaribisha bakteria wa jenasi *Frankia*, wanaoitwaa nitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula, kazi ambayo katika mashamba yetu hufanywa na bakteria wengine kwenye mizizi ya kunde na maharage. Vichaka vya jenasi *Alnus* vina ushirika kama huo. Katika vipande vyenye maji hujitokeza maua ambayo mtu hangeyatarajia katika tope jekundu: *Primula mistassinica* ya waridi, isiyozidi urefu wa kiganja, *Lobelia kalmii* ya buluu, na *Parnassia glauca* nyeupe yenye mishipa ya kijani kwenye petali. Yote matatu hupenda chokaa na mwanga. Kwa hiyo kuporomoka ambako mwenye nyumba juu ya genge hukuona kuwa balaa ndiko kunakoyawezesha maua haya kubaki, kwa sababu kila kipande kinachoanguka hufungua ardhi mpya kabla vichaka na miti havijaifunika.

Ni vyema kusema pia kwamba mfinyanzi huu si ule wa baharini wa bonde la Mto Saint Lawrence huko Kanada, ambao ukitikiswa huweza kugeuka uji ghafla. Maporomoko ya Saint-Jean-Vianney, Quebec, ya Mei 1971, yaliyoua watu 31, yalitokea katika udongo wa aina hiyo. Magenge ya Superior hushuka kwa vipande na kwa muda mrefu, ingawa kujenga ukingoni mwake bado ni hatari.

Je, ni kweli kwamba kuna mmea unaoyeyusha theluji?

Ni kweli, nao ni kabichi-kicheche (*Symplocarpus foetidus*), unaoota zaidi katika nusu ya kusini ya eneo tunalolizungumzia na kuelekea mashariki. Mwishoni mwa baridi kali, kabla haujatoa jani hata moja, hutokeza ua lililofunikwa na kofia nene ya zambarau iliyokoza. Ndani ya kofia, kichomozo cha maua huchoma wanga uliohifadhiwa katika shina la chini ya ardhi na kutoa joto linaloweza kukipandisha nyuzi 15 hadi 35 za Selsiasi juu ya hewa ya nje, na joto hilo hudumu kwa siku nyingi. Theluji iliyo karibu huyeyuka na kuacha duara. Harufu yake, inayofanana na nyama iliyoharibika, huenezwa na joto hilo na kuwaita nzi wanaobeba chavua. Mizizi yake hujikunja na kuuvuta mmea chini kila mwaka, kiasi kwamba mmea mkubwa ni vigumu mno kuung'oa. Usijaribu kuula mbichi: una fuwele za kalsiamu oksaleti zinazochoma mdomo na koo.

Nimeona maji yenye kutu ya rangi ya chungwa na utando kama mafuta. Je, ni uchafuzi?

Kwa kawaida sivyo. Maji yaliyokaa chini ya ardhi pasipo oksijeni huyeyusha chuma, na yanapofika hewani bakteria kama *Leptothrix ochracea* hukigeuza chuma hicho kuwa kutu, ambayo hutuama kama pamba ya rangi ya chungwa. Utando unaong'aa juu ya maji hutokana na kazi hiyohiyo. Kuna kipimo rahisi: chokonoa utando kwa kijiti. Ukivunjika vipandevipande kama kioo chembamba na vipande vikabaki mbalimbali, ni wa chuma na bakteria. Ukijikusanya na kuungana tena mara moja, hapo kuna mafuta na inafaa kutoa taarifa.

Kwa nini miti mingi imeanguka katika maeneo haya? Je, msitu ni mgonjwa?

Mizizi haiwezi kushuka katika udongo uliojaa maji, kwa kuwa nayo inahitaji kupumua, hivyo hutandaa karibu na uso kama mkeka. Upepo mkubwa ukija, mti huanguka na kuinua mkeka wake wote, ukiacha shimo na kichuguu. Shimo hujaa maji na kuwa makao ya wanyama na ya mimea ya majini. Kichuguu hubaki pakavu na kupokea mbegu zisizopenda kuloweshwa. Gogo lenyewe, likianza kuoza na kuvaa kuvumwani, huwa kitalu cha mierezi na mibetula ya njano, ambayo mbegu zake ndogo hufa zikiangukia majani mazito ya ardhini. Ukiona mibetula iliyosimama mstari mmoja juu ya mizizi kama miguu, jua kwamba ilianzia juu ya gogo ambalo limekwisha kuoza. Kuondoa magogo kwa nia ya kuusafisha msitu wa namna hii ni kuunyima watoto.

Kuna habari gani kuhusu mfraksino mweusi na mbawakawa?

Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika ukurasa huu. Mwaka 2002, karibu na Detroit, Michigan, alitambuliwa mbawakawa mdogo wa kijani cha zumaridi, *Agrilus planipennis*, ambaye asili yake ni mashariki ya Asia na ambaye inaaminika alifika miaka kadhaa kabla ya hapo ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Funza wake hula chini ya gome na kukata njia za chakula cha mti, na mifraksino ya Amerika Kaskazini, isiyowahi kuishi naye, haina kinga. Wisconsin ilimgundua mwaka 2008 na Minnesota mwaka 2009. Minnesota inakadiriwa kuwa na mifraksino ipatayo bilioni moja, na sehemu kubwa yake ni mfraksino mweusi katika ardhi yenye maji. Mwaka 2017 mti huu uliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Hasara haiishii kwenye mti. Mfraksino mkubwa hunyonya maji kwa wingi na kuyatoa hewani kupitia majani yake wakati wote wa kiangazi, na kwa kufanya hivyo huushusha usawa wa maji ya ardhini kiasi cha kuwezesha miche kuota. Nyumbani tumezoea upande wa pili wa jambo hili, kwani mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji imelalamikiwa kwa kuvikausha hadi watu wakaamua kuing'oa. Huku mti ndio unaozuia msitu usigeuke dimbwi. Katika Msitu wa Taifa wa Chippewa, Minnesota, watafiti walikata miti yote katika baadhi ya viwanja vya majaribio na katika vingine wakabandua gome kuzunguka shina ili kuiga kifo hicho, na viwanja hivyo vikawa na usawa wa maji ulio juu kuliko vile vilivyoachwa. Palipo na maji ya namna hiyo ndago na vichaka hutangulia, na msitu huchelewa kurudi au haurudi. Ndiyo sababu watunzaji wanapanda mapema, chini ya mifraksino ambayo bado hai, miti mingine inayovumilia maji, ukiwemo mwaloni wa *Quercus bicolor*. Tangu 2007 wameachiliwa pia nyigu wadogo kutoka Asia wanaotaga katika mayai au funza wa mbawakawa huyu. Nyigu hao husaidia, lakini hawajamzuia.

Kwa Waanishinaabe, Wahaudenosaunee na Wawabanaki, jamii za wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini ambao wamesukia vikapu mti huu tangu enzi za mababu, msiba ni wa karibu zaidi. Gogo lililochaguliwa kwa uangalifu huondolewa gome, kisha hugongwa kwa nyundo kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Katika kila duara la mwaka, mbao ya majira ya kuchipua ina mirija mikubwa inayopondeka, na ile ya baadaye, iliyo ngumu, hubanduka kwa utepe mrefu unaopindika bila kuvunjika. Tepe hizo hufumwa kama mafundi wetu wa pwani wanavyosuka ukili. Mti unaofaa haupatikani kila mahali, na mzee wa kazi huutambua kwa mahali ulipoota na kwa maji yaliyo miguuni mwake. Siku hizi jamii hizo hukusanya mbegu na kuzihifadhi, na hurekodi namna ya kuchagua na kugonga gogo, ili ujuzi usikatike pindi miti itakapoadimika.

Naweza kuhamisha okidi ya mvujo na kuipanda nyumbani?

Hapana. *Cypripedium reginae*, okidi ya waridi na nyeupe inayopenda mivujo na vinamasi vyenye chokaa, ni ua rasmi la Minnesota tangu 1902, na sheria ya mwaka 1925 inakataza kulichuma. Hata pasipo sheria, mbegu zake haziwezi kuota bila kuvu maalumu udongoni, na mmea huweza kuchukua hadi miaka 16 kabla ya kutoa ua la kwanza. Ukihamishwa kutoka kwenye maji yake kwa kawaida hufa.

Wanyama gani hutegemea mivujo?

Salamanda mwenye vidole vinne (*Hemidactylium scutatum*), asiye na mapafu na anayepumua kupitia ngozi, hutaga ndani ya kuvumwani walioning'inia juu ya kidimbwi, na mayai yakianguliwa viluwiluwi hudondoka moja kwa moja majini. Dubu weusi wanapoamka hukuta majani mabichi kwenye mivujo kabla hayajapatikana popote pengine. Samaki aina ya trauti wa vijito, anayeitwa kitaalamu *Salvelinus fontinalis*, amebeba chemchemi katika jina lake la Kilatini, na kwa haki: hawezi kustahimili maji yanayozidi nyuzi 20 hivi kwa muda mrefu, na katika joto la Julai hukusanyika mahali ambapo maji ya mvujo yanaingia kijitoni.

Mbali na mbawakawa, ni nini kinachoharibu jamii hizi?

Kulungu wa mkia mweupe hula miche ya mwerezi, hasa wakati wa baridi, na katika maeneo mengi mierezi mikubwa imesimama bila mrithi hata mmoja chini yake. Ukitaka kuona tofauti, tembelea mahali palipozungushiwa uzio. Mimea vamizi kama *Frangula alnus* na nyasi za *Phalaris arundinacea* hufunika ardhi na kuziba nafasi ya ndago na maua madogo. Kwenye magenge ya mfinyanzi tishio jingine ni *Tussilago farfara*, ulioletwa kutoka Ulaya, ambako ni kawaida yake kuota juu ya mfinyanzi ulioporomoka.

Mashine za kuvuna magogo zinastahili kutajwa peke yake. Gurudumu moja zito likipita juu ya mvujo katika majira ya mvua huchora mfereji, na mfereji huo hukusanya maji yaliyokuwa yakienea na kuyapeleka upande mmoja. Sehemu moja ikafurika, nyingine ikakauka. Mfinyanzi uliogandamizwa hukaa miaka mingi kabla ya kulegea. Ndiyo maana uvunaji hupangwa wakati ardhi imeganda, ingawa hata hapo mvujo wenyewe, kwa sababu zilizoelezwa, ndio mahali pasipoganda, na inabidi uwekewe alama mapema na kuzungukwa.

Je, inatosha kuuwekea mvujo uzio?

Haitoshi. Maji yanayotokeza hapo yaliingia ardhini mahali pengine, katika mchanga ulio juu ya kilima, pengine mamia ya mita kutoka hapo na pengine katika ardhi ya mtu mwingine. Shimo la kuchimbia changarawe, kisima kirefu cha kumwagilia, barabara iliyochimbwa ubavuni mwa kilima au eneo kubwa lililosakafiwa huko juu huweza kuukausha mvujo ambao hakuna aliyewahi kuukanyaga. Anayetaka kuihifadhi *Chrysosplenium* bondeni aanze kwa kuuliza ni nani anayemiliki mchanga ulio mlimani. Swali hilo huulizwa mara chache kuliko inavyostahili, kwa kuwa mchanga mkavu wenye misonobari hauonekani kuwa na uhusiano wowote na tope lililo chini.

Nitautambuaje mvujo nikiwa nimetembelea msitu?

Nenda mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, kabla majani hayajajaa. Fuata mguu wa mteremko, si kilele. Tafuta ukijani usiolingana na msimu, udongo mweusi laini juu na wa kijivu chini yake, na sauti ndogo ya maji pasipo kijito kinachoonekana. Rangi hiyo ya kijivu, yenye madoa ya kutu, huonyesha kwamba hata mfinyanzi uliokuwa mwekundu umekosa oksijeni kwa muda mrefu na chuma chake kimebadilika. Kanyaga juu ya mizizi na magogo yaliyo imara, usikanyage zulia la kuvumwani, maana alama ya kiatu hapo hubaki muda mrefu.

Je, kuna jamii za namna hii barani Ulaya?

Zipo. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1992 kuhusu makazi ya viumbe linazitaja chemchemi zinazogandisha chokaa kuwa mawe, zenye kuvumwani wa *Cratoneuron* na jamaa zake, kwa namba 7220, na misitu ya mifraksino na *Alnus* yenye maji kwa namba 91E0. Zote mbili zimepewa kipaumbele. Huko nako mfraksino wa Ulaya unakufa, safari hii kwa ugonjwa wa kuvu, na wanaotunza mivujo ya pande zote mbili za Atlantiki sasa wanatafuta mti utakaoweza kusimama mahali pake na kunywa maji kama yeye.